Gold Wing ya 2018 na kuendelea dhidi ya ile ya 2001–2017: abiria wa nyuma kapunjwa?

Mla Lami

Heshima kwenu wakuu, na dada zetu mnaosoma kimyakimya bila kuchangia.

Swali la "nichukue Gold Wing (ile pikipiki kubwa ya safari ya Honda) mpya au ya zamani" linarudi kila mara na kila mara linaishia kwenye ushabiki. Mimi nimekaa na GL1800 ya kizazi cha 2001–2017 kwa muda mrefu, na sasa nimeendesha vya kutosha ile ya 2018, toleo la Tour lenye boksi la juu na gia za DCT zinazojibadilisha zenyewe, nikiwa peke yangu na nikiwa na mama watoto nyuma. Msimamo wangu nautoa mapema ili mjue pa kunipigia: mpya ni pikipiki nzuri zaidi kwa aliyeshika hendeli, ya zamani ni nzuri zaidi kwa aliyekaa nyuma. Honda walimkata abiria wakamwongezea dereva, na wala hawakuficha sana, maana walisema wazi wanataka wateja wa umri mdogo zaidi.

Uzito kwanza. Ya zamani ikiwa na mafuta na kila kitu ni kama kilo 417. Tour ya 2018 yenye klachi ya kawaida ni 379, ya DCT ni 383. Ukiinyanyua kutoka kwenye stendi ya pembeni unajua hapohapo, huhitaji mizani. Ila kilo hizo hazikuyeyuka zenyewe. Injini ilipungua kama sita. Nyingine zimetoka kwenye tenki lililoshuka kutoka lita 25 hadi 21, na kwenye mabegi yaliyoshuka kutoka karibu lita 150 hadi 110. Kwa hiyo mtu akikusifia wembamba wa mpya, mkumbushe kwamba sehemu ya huo wembamba ni mizigo yenu mliyoiacha nyumbani.

Injini zote mbili zina silinda sita zilizolala, tatu kushoto tatu kulia. Ukisoma ujazo wa injini, sisi (cc) 1832 kwa ya zamani na 1833 kwa mpya utadhani ni ileile imepigwa rangi. Siyo. Ya zamani silinda ina kipenyo cha mm 74 na pistoni inatembea mm 71, mpya ni 73 kwa 73. Valvu zilikuwa 12, sasa 24. Nguvu za farasi zimepanda kutoka 118 hadi 125. Gia zilikuwa tano, sasa sita kwa ya klachi na saba kwa DCT. Kwenye karatasi ni mabadiliko madogo. Barabarani, ukichanganya na zile kilo zilizoondoka, chuma kinaruka.

Sasa nije kwenye kilichonimaliza: mbele. Foki za kawaida hazipo tena. Kuna mikono miwili, mmoja juu mmoja chini, shokapu moja katikati, na hendeli imeunganishwa na gurudumu kwa vijiti vyenye viungo. Yaani kazi ya kuelekeza imetenganishwa na kazi ya kumeza mashimo. Ukipita kwenye lami iliyochanika, tupia jicho kidogo mbele ya dashibodi: utaona vile vijiti vinacheza juu chini bila kutulia, huku viganja vyako havisikii karibu kitu. Siku ya kwanza nilitaka nisimame nikague kama kuna kitu kimelegea.

Na kuna la pili ambalo wengi hawalitaji. Foki ya kawaida ikibonyea, gurudumu linarudi nyuma kuelekea kwenye injini, kwa hiyo lazima uliachie nafasi. Kwenye mpya gurudumu linapanda karibu wima, basi injini ikasogezwa mbele na dereva naye akasogezwa mbele, kama mm 36. Umbali kati ya magurudumu haujabadilika kitu, 1690 kwa ya zamani na 1695 kwa mpya, lakini wewe unakaa karibu zaidi na tairi la mbele na kwenye kona unalijua liko wapi.

Haya, na abiria wangu? Kwenye ya zamani alikuwa anasinzia. Nasema kweli, nilikuwa nasikia kofia yake ikiniegemea mgongoni. Kwenye mpya hakusinzia hata kidogo, na tuliposhuka hakuniuliza chochote kuhusu vijiti.

Wenye zote mbili na mnaosafiri wawili, mlimalizaje?

Mchungulia Spidi

Naweka kambi hapa, uzi huu utakuwa mtamu.

Silinda Sita

Mkuu Mla Lami umeandika vizuri ila umeihukumu mpya kwa toleo la kwanza. Unayoisema ni ya 2018. Mwaka 2021 Tour ilirekebishwa: boksi la juu likatoka lita 50 likawa 61, jumla ikawa 121, na mgongo wa kiti cha abiria ukalazwa kutoka nyuzi 17 hadi 24.5. Hayo siyo mambo ya kupamba, ni nyuma palepale unapolalamikia.

Mla Lami

@Silinda Sita nashukuru, na ndiyo hoja yangu yenyewe. Kama abiria wa 2018 alikuwa anakaa raha, kiti kingelazwa cha nini? Kampuni haibadilishi kiwanda kwa sababu ya maneno ya mtu mmoja kama mimi. Walisikia kelele nyingi.

Mkongwe GL

Vijana mnaongea kama Gold Wing ilizaliwa ikiwa na redio na kiti cha kulalia. GL1000 ya 1975 ilikuja uchi. Silinda nne, sisi 999, haina kioo cha kukinga upepo, haina boksi hata moja. Watu wakaanza kuifunga vioo vya mbunifu Craig Vetter na mabegi ya kununua pembeni, wakaifanya ya safari kwa mikono yao. Honda walikuja kuleta yenye kioo na mabegi ya kiwandani kwenye GL1100, mwaka 1980. Silinda sita ni za GL1500, 1988. Kila kizazi kilikuwa kinaongezeka tu, uzito juu ya uzito, mpaka 2018 ndipo mara ya kwanza kizazi kipya kikawa chepesi kwa kiasi cha kuonekana.

Kwa hiyo mnapoona wamekata, mimi naona mtu mnene amekumbuka kwamba alikuwa mkimbiaji. Ila kwenye baridi nazitaka zile njia za hewa ya moto miguuni ambazo mpya haina. Hilo siwasamehei.

Kiti cha Nyuma

Nimesoma muda mrefu bila kujiunga, leo nimejiunga kwa ajili ya uzi huu, maana mnajadili kiti changu na hakuna hata mmoja wenu aliyekikalia.

Mume wangu alikuwa na ya 2008, akahamia 2018, sasa tunayo ya 2021. Zote nimezikalia safari ndefu. Ngojeni niwaambie yanayotokea huko nyuma.

Kwenye ya zamani umezungukwa. Mgongo, mbavu, mikono inapata pa kutua. Shida yake ni gia. Kila mume wangu akibadilisha, kuna kale kamshtuko, na kofia yangu inagonga kofia yake, to, to, to, kuanzia taa ya barabarani mpaka tufike gia ya tano. Akiwa amechoka inazidi. Shingo ikawa inajikaza yenyewe kusubiri.

2018 yenye DCT ile to-to-to ilikwisha siku ya kwanza. Hapo niliipenda. Lakini mgongo wa kiti unakusimamisha kama uko darasani, kiti kimepunguzwa, na upepo unaopita juu ya kile kioo kidogo unatua kwenye kofia ya abiria. Dereva hapati huo upepo, mimi ndiye napata. Kaka Mla Lami, mwenzio hakusinzia kwa sababu alikuwa anajishikilia. Tumbo na mapaja yanafanya kazi ambayo mgongo wa kiti ungefanya. Ukishuka umechoka na hujui umechoshwa na nini.

2021 mgongo umelala vizuri. Narudia: vizuri, siyo kama ya 2008. Upana wa ya zamani haujarudi na nadhani hautarudi. Ila nikipiga kura leo nachagua 2021 yenye DCT kuliko ya 2008, kwa ajili ya shingo.

Mla Lami

@Kiti cha Nyuma karibu sana dada, na hii ndiyo komenti niliyokuwa naisubiri. Hilo la kofia kugongana sikuwa nimelipa uzito. Kwangu mimi DCT niliiona kama starehe ya dereva mvivu, kumbe faida yake kubwa inakwenda nyuma. Bado nasema mabegi yamepunjwa.

Gia Saba

Asante dada. Watu wanadharau DCT bila kuielewa. Kuna klachi mbili ndani, moja inashika gia witiri, nyingine shufwa. Ukiwa gia ya tatu, ya nne inakuwa imeshaandaliwa inasubiri, kwa hiyo kubadilisha ni klachi moja kuachia na nyingine kupokea, nguvu haikatiki kwenye tairi. Kichwa cha abiria kinachezeshwa na ule mkatiko wa nguvu. Ukiondoka, kichwa kinatulia.

Na kurudi nyuma: ya zamani inatumia mota ya stata, unaweka huru, unabonyeza kitufe cha rivasi, halafu unashikilia cha stata. Inafanya kazi, ina nguvu, ila ni hatua kadhaa. DCT ina vitufe viwili vya kidole gumba, mbele na nyuma, inajongea polepole kuliko mtu anayetembea. Ukiegesha sehemu yenye mteremko unamshukuru aliyebuni.

Bila Haraka

Gia Saba usisifie upande mmoja. Mwambie na kugeuza kwenye njia nyembamba bila klachi. Sisi tuliozoea kuachia klachi nusu nusu ndipo tunapoangukia. Unavuta mafuta kidogo, inashtuka, umeinama, kilo 383 zinakuangalia.

Gia Saba

Hapo huna tatizo la pikipiki, una tabia ya mkono wa kushoto. Fanya hivi: shikilia mafuta yasicheze, kidogo tu, halafu mwendo uurekebishe kwa breki ya mguu. Usiachie mafuta katikati ya mgeuko, maana ukiachia kabisa klachi inafunguka na nguvu inapotea wakati umeinama. Mafuta yatulie, mguu ndio ufanye kazi ya klachi. Jizoeze kwenye uwanja mtupu ukiwa huna abiria. Na weka hali ya Tour au Rain, usijaribu ukiwa kwenye Sport.

Bila Haraka

Nitajaribu. Nikianguka nitarudi hapa hapa.

Spana 14

Nimechelewa ila naona watu wanazungumza viti tu. Wacha niongee kama mtu anayezifungua, maana mwenye kununua ya zamani ananunua na umri wake.

Ya kwanza: kabla hujashika mkoba, uliza kuhusu master silinda ya pili ya breki. Honda waliziita GL1800 za 2001 hadi 2010 na za 2012 zirudishwe kwa sababu breki ya nyuma inaweza kubaki imeshika. Breki za pikipiki hii zimeunganishwa mbele na nyuma, na kile kifaa kimo kwenye njia hiyo. Tundu lake dogo la kurudisha mafuta likiziba, presha haiachii. Iweke kwenye stendi ya kati, weka gia huru, bonyeza mguu kisha achia, zungusha tairi la nyuma kwa mkono. Lizunguke kwa urahisi. Halafu endesha kidogo, simama, sogeza kiganja karibu na diski bila kuigusa. Kama inachoma kwa mbali na hukufunga breki nyingi, shukuru muuzaji uondoke.

Ya pili: usukani. Ukiwa unapunguza mwendo, kati ya 70 na 50 hivi, legeza mikono kidogo. Zikianza kutikisika hendeli kushoto kulia, beringi za kichwa cha usukani au tairi la mbele. Wengi wanaweka beringi za koni zile ngumu na ugonjwa unaisha. Mpya haina ugonjwa huu, mbele yake ni mtambo mwingine kabisa.

Ya tatu: filta ya hewa. Wale waliokaa na ya zamani wanacheka sasa hivi. Ipo chini ya ganda lote la juu. Unaondoa skrubu, unavua vishikizo, unainua ganda na waya za swichi, usivunje ndimi za plastiki, yote hayo kwa kipande cha karatasi. Kama muuzaji anasema amebadilisha mwenyewe, muulize alianzia wapi. Asipotaja ganda, hajabadilisha.

Zaidi ya hapo ile injini ni ya kufia nayo. Mnyororo wa muda siyo mkanda kama wa GL1500, shafti ya nyuma badilisha mafuta yake tu. Mpya nayo inaendesha kwa shafti, na injini yake sijaona ikinisumbua.

Mchungulia Spidi

Spana na lile suala la tairi la gari nyuma? 😂

Spana 14

Usianze.

Silinda Sita

Ameshaanza. Kwa wageni: wapo wenye GL1800 ya zamani wanaovua 180/60R16 la pikipiki nyuma na kuvalisha la gari, 195/55R16, kwa sababu la gari linadumu zaidi. Wengine wanasema ni kucheza na roho, kwa vile tairi la gari ni bapa na pikipiki inalala. Pande zote mbili zina watu wazima wenye safari nyingi na hakuna aliyewahi kumshawishi mwenzake. Tuache hapo.

Mkongwe GL

Niulizeni la tenki. Lita 4 kupungua kwangu ni kubwa kuliko kiti.

Mla Lami

@Mkongwe GL mzee wangu, hapo nawatetea kidogo. Takwimu ya kiwanda kwa mpya ni kama lita 5.6 kwa kilomita 100. Gawanya 21 kwa hiyo, unapata kilomita 370 na ushee. Ya zamani ukiiendesha kwa mwendo wa barabara kuu na mizigo inakula 6.5 hadi 7, lita 25 zinakupeleka palepale au karibu na hapo. Kwa hiyo umbali haujapungua sana, kilichopungua ni ile hali ya kupita kituo cha mafuta ukijua una akiba. Na ukifungulia mwendo, mpya inasahau kabisa takwimu ya kiwanda.

Kiti cha Nyuma

Abiria hana neno na tenki dogo. Kituo cha mafuta ndiyo ruhusa yetu ya kunyoosha miguu.

Nyota ya Asubuhi

Wakuu naomba msaada. Nimepata ya 2019 ila Apple CarPlay, ule mfumo wa kutumia iPhone kwenye skrini ya pikipiki, haifunguki kabisa. Waya nimechomeka, simu inachaji, skrini haileti kitu. Fundi wa kwanza aliyeiona kaniambia skrini imekufa nibadilishe.

Silinda Sita

Usibadilishe kitu! Una kifaa cha masikio kwenye kofia? Hiyo pikipiki haifungui CarPlay mpaka kwanza iunganishwe kwa Bluetooth na kifaa chenye maikrofoni. Waya peke yake haitoshi. Unganisha kofia na pikipiki, siyo kofia na simu, halafu ndipo uchomeke waya. Ilikuwa pikipiki ya kwanza duniani kuwa na CarPlay, 2018, na hili ndilo linalowasumbua wengi. Android Auto, ya simu za Android, ilikuja baadaye kwa kusasisha programu, 2020. Za 2025 hazihitaji waya tena.

Nyota ya Asubuhi

Imefunguka!!! Mkuu Mungu akuzidishie. Nilikuwa naunganisha kofia na simu.

Mla Lami

Turudi kwenye mada kabla uzi haujawa wa simu. Nimeongea na mama watoto, nimemsomea komenti ya dada Kiti cha Nyuma neno kwa neno, akasema "huyo ndiye anaejua". Kwa hiyo ya 2018 imetoka kwenye orodha. Tunabaki na mbili: kuendelea na ya zamani niliyonayo, au kutafuta ya 2021 kuendelea yenye DCT. Dada, ukienda kuikagua kwa niaba ya abiria, unaangalia nini?

Kiti cha Nyuma

Mwende wote wawili, na mvae kofia na makoti mnayosafiria, siyo nguo za kutembea. Kiti kinabadilika ukivaa koti nene. Ipandisheni kwenye stendi ya kati, akae yeye nyuma na wewe mbele mahali pako halisi. Aegemee mgongo wote, halafu aache mikono mapajani asishike kitu. Akijikuta anajivuta mbele kwa tumbo, siyo kiti chake. Magoti yake yasikubane kiunoni. Kisha muombe muuzaji mkae hivyo hivyo muda, siyo dakika mbili za kupiga picha.

Na kioo kipandishwe mpaka juu mkitoka kuijaribu. Wewe usiseme chochote, muulize yeye upepo unampiga wapi: kifuani sawa, kwenye kofia siyo sawa. Ikiwa kwenye kofia, kuna vioo virefu vya kununua, sisi tulibadilisha na kelele zikashuka.

Spana 14

Na boksi la juu mlifungue mkiwa na kofia zenu mbili, mziweke ndani, mfunge. Lita 61 kwenye karatasi ni kitu kimoja, kofia yenye kidevu kirefu ni kitu kingine.

Mla Lami

Nimenakili yote. Ya zamani haiuzwi mpaka yeye akae. @Spana 14 ile filta ya hewa ya kwangu imefika muda wake, nikuletee au nianze mwenyewe na skrubu?

Spana 14

Lete. Na ukija njoo na vile vishikizo vya plastiki vipya, vya zamani vitavunjika tu hata nikivishika vipi.